Cho Yoon-jeong: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha yake ya tenisi

Cho Yoon-jeong ni nani?

Ni mchezaji mstaafu wa tenisi ya kulipwa kutoka Korea Kusini, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1979. Alifika nafasi ya 45 kwenye orodha ya ubora wa dunia upande wa mchezaji mmoja mmoja, tarehe 21 Julai 2003. Alitinga fainali tatu za WTA (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake) akicheza peke yake (Pattaya ya Thailand 2002, Auckland ya New Zealand 2003, Canberra ya Australia 2006) na zote zikamtoka. Taji alilibeba kwenye wawili wawili, Seoul, mwaka 2004, akiwa na Mkorea mwenzake Jeon Mi-ra.

Hayo ndiyo utakayoyakuta kwenye kila ukurasa unaomtaja, mara nyingi kwa mistari mitatu. Lakini fainali hizo tatu, ukizifungua gemu kwa gemu, zinaeleza mengi kuliko neno "alishindwa". Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu ya hapa chini inarudi kwenye matokeo yenyewe.

Cho au Jo? Na lipi ni jina la ukoo?

Jina la ukoo ni Cho, na kwa Kikorea hutangulia. Yoon-jeong ni jina lake mwenyewe. Kwa herufi za Kikorea ni 조윤정. Herufi ya kwanza ina sauti iliyo katikati ya "ch" na "j" za Kiswahili. Mfumo wa zamani wa kuiandika kwa herufi za Kilatini ulitumia "Ch", na mfumo rasmi wa serikali ya Korea tangu mwaka 2000 unatumia "J". Kwa hiyo Cho Yoon-jeong, Jo Yoon-jeong na Jo Yun-jeong ni mtu mmoja.

Kulitamka si kazi ngumu kwa Mswahili: "Cho Yun-jong", na ile "o" ya mwisho ifunguliwe mdomo kidogo. Usiseme "je-ong" kwa silabi mbili. Hizo "eo" ni irabu moja.

Mpangilio wa WTA na wa magazeti ya Ulaya huligeuza likawa Yoon Jeong Cho. Hapo ndipo wengine hudhani kuna wachezaji wawili.

Nikitaka kumtafuta mtandaoni nifanyeje ili nisipate watu wengine?

Jina Yoon-jeong ni la kawaida sana Korea na Cho ni ukoo wenye watu wengi, kwa hiyo ukiliandika peke yake utaletewa waigizaji, walimu na madaktari. Fanya hivi:

1. Andika 조윤정 테니스. Neno la pili ni "tenisi".
2. Ukitumia herufi za Kilatini, tafuta mara mbili, mara moja kwa Cho na mara ya pili kwa Jo, kila mara ukiongeza mji na mwaka wa mashindano, mfano "Auckland 2003".
3. Linganisha tarehe ya kuzaliwa. Kurasa za Kimarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 4/2/1979 ni tarehe 2 Aprili, si 4 Februari. Kosa hili limekwisha kunakiliwa mara nyingi.
4. Ukifika kwenye jedwali la mashindano, angalia kifupi cha nchi. Korea Kusini ni KOR. PRK ni Korea Kaskazini.

Kwenye mitambo ya utafutaji ya Korea yenyewe utapata habari nyingi zaidi kuliko kwenye ile ya kimataifa, na tafsiri ya mashine inatosha kwa matokeo na tarehe. Kwa maelezo marefu haitoshi. Kikorea huacha kiima mara kwa mara, na mashine hubahatisha nani alimfunga nani.

Umri wake unatofautiana kati ya ukurasa mmoja na mwingine. Kwa nini?

Kwa desturi ya Korea mtoto alihesabiwa mwaka mmoja siku anapozaliwa, kisha kila mtu akaongeza mwaka tarehe 1 Januari. Habari ya gazeti la Kikorea la mwaka 2003 inaweza kumpa miaka 25 mahali ambapo sisi tunahesabu 23. Sheria ya Korea ilihamia hesabu ya kimataifa Juni 2023, lakini magazeti ya zamani yamebaki kama yalivyo. Hesabu mwenyewe kutoka mwaka wa kuzaliwa.

Nafasi ya 45 duniani ni jambo kubwa kiasi gani?

Kwa mtu anayefuata tenisi kupitia majina ya mabingwa tu, 45 inaonekana ndogo. Tazama inachomletea mchezaji.

Mashindano manne makubwa (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani) yana wachezaji 128 kwenye jedwali kuu la wanawake, na zaidi ya 100 kati yao huingia moja kwa moja kwa nafasi zao kwenye orodha. Mwenye nafasi ya 45 haendi kwenye mchujo, wala haombi kadi ya mwaliko. Anajua miezi kabla kwamba jina lake limo, ananunua tiketi, na hata akitolewa raundi ya kwanza ana fedha ya kulipa kocha. Mwenye nafasi ya 145 hushinda mechi tatu za mchujo kwanza ndipo afikie hapo alipoanzia mwenzake.

Upande wa pili ni mchungu kidogo. Tangu katikati ya mwaka 2001 wachezaji 32 hupangwa kwa ubora wasikutane mapema. Nafasi ya 45 iko nje ya mstari huo. Kwa hiyo unaingia kwa uhakika, lakini bila kinga yoyote: kura ikikutupa kwa bingwa siku ya kwanza, ndiyo hivyo. Ni eneo gumu la orodha, na wachezaji wengi wazuri hukaa humo miaka.

Kwa Korea, namba hiyo ni kubwa zaidi. Kwa wanawake wa nchi yake aliyempita ni Lee Duk-hee tu, ambaye tutamfikia.

Alifikaje 45, na kwa nini Julai 2003 hasa?

Orodha ya WTA huhesabu pointi za wiki 52 zilizopita. Kila Jumatatu ikitolewa upya, pointi za juma kama hilo la mwaka uliotangulia zinaondoka na za juma lililoisha zinaingia. Ni kama shamba lenye mavuno ya mwaka mmoja tu ghalani.

Sasa weka kalenda yake mezani. Fainali ya Pattaya ilikuwa Novemba 2002. Fainali ya Auckland ilikuwa Januari 2003. Ukisimama Jumatatu ya 21 Julai 2003, zote mbili bado zimo ndani ya wiki 52. Kilichoongezwa katikati ya mwaka kiliwekwa juu ya msingi huo. Kuanzia Novemba pointi za Pattaya zilitoka, na za Auckland zikafuata Januari. Anayetaka kubaki pale pale lazima acheze fainali nyingine juma lile lile, au atafute pointi zilezile kwingine.

Ndiyo sababu namba ya juu kabisa ya mchezaji mara nyingi huja katikati ya mwaka na si siku ya ushindi wake mkubwa. Watu hutafuta alishinda nini tarehe 21 Julai wasikione kitu. Hesabu ndiyo iliyofika kileleni siku hiyo.

Kuna tofauti moja ya enzi ile: mfumo ulitoa pia pointi za ziada kwa kumfunga mpinzani mwenye nafasi ya juu. Zilifutwa baadaye. Kwa hiyo usichukue matokeo ya 2003 ukayapigia hesabu kwa jedwali la pointi la leo, hayatatoka 45.

Je, ni kweli hakuwahi kushinda taji lolote?

Si kweli. Hakushinda taji la WTA la mchezaji mmoja mmoja. La wawili wawili alilishinda, Seoul 2004. Kurasa zinazosema "mataji 0" huwa zimenakili safu ya kwanza ya jedwali na kuiacha ya pili.

Fainali ya Pattaya 2002 ilikuwaje?

Alifungwa na Angelique Widjaja wa Indonesia, 6–2, 6–4. Widjaja alikuwa na miaka 17, bingwa wa vijana wa Wimbledon 2001 na wa Ufaransa 2002. Cho alikuwa na miaka 23. Gemu 12 kwa 6: kati ya fainali zake tatu, hii ndiyo pekee ambayo matokeo yenyewe yanaonyesha mmoja kumzidi mwenzake.

Hata hivyo usiisome seti ya 6–4 kama kipigo. Iwapo kila mchezaji anashinda zamu zake za kuanzisha mpira, seti hukaa sawa hadi mwisho. Kuvunjiwa zamu (kupoteza gemu unayoianzisha mwenyewe) mara moja tu, bila kuirudisha, kunatosha kuandika 6–4.

Angalizo la tarehe: mashindano ya Pattaya yalihamishwa baadaye kutoka Novemba kwenda Februari. Ukikuta "Pattaya 2002" kwenye orodha, iweke mwisho wa mwaka. Wanaoiweka mwanzoni huharibu mtiririko wote wa namna alivyopanda.

Na Auckland 2003? Ile alama "7–6(2)" inasomwaje?

Mpinzani alikuwa Eleni Daniilidou wa Ugiriki, anayepiga mipira ya upande wa kinyume (bekihendi) kwa mkono mmoja, ambaye baadaye mwaka huohuo alifika nafasi ya 14 duniani. Matokeo: 6–4, 4–6, 7–6(2) kwa Daniilidou.

Matokeo ya tenisi huandikwa kwa kumtanguliza mshindi wa mechi katika kila seti. Kwa hiyo seti ya kwanza Daniilidou 6–4. Ya pili Cho, ingawa imeandikwa "4–6". Ya tatu ilifika 6–6 ikaamuliwa kwa taibreki. Namba ya mabanoni ni pointi za aliyeshindwa taibreki. Taibreki huchezwa hadi 7 kwa tofauti ya 2, kwa hiyo (2) maana yake ni 7–2.

Sasa jumlisha gemu kabla ya taibreki. Daniilidou: 6 + 4 + 6 = 16. Cho: 4 + 6 + 6 = 16. Baada ya gemu 32 walikuwa sawasawa. Pointi tisa zilizofuata ndizo zilizogawa bingwa na mshindi wa pili.

Kwenye taibreki anayeanza hupiga pointi moja, kisha kila mmoja huanzisha mbili mbili kwa zamu, na wanabadilishana upande kila baada ya pointi sita. Ikiisha kwa pointi tisa, aliyeanza ameanzisha tano (ya 1, 4, 5, 8 na 9) na mwenzake nne. Maana yake ni kwamba hakuna muda wa kurekebisha. Ndani ya seti, ukipoteza pointi tatu za ovyo umepoteza labda gemu moja na kuna nyingine inakuja. Ndani ya taibreki, pointi tatu za ovyo ni karibu nusu ya safari ya mpinzani.

Daniilidou alirudi Auckland mwaka uliofuata na kulitetea taji.

Fainali ya Canberra 2006 ndiyo ile ambayo watu husema "alishinda akashindwa"?

Ndiyo hiyo. Anabel Medina Garrigues wa Hispania alimfunga 6–4, 0–6, 6–4. Hesabu: Medina Garrigues 6 + 0 + 6 = 12. Cho 4 + 6 + 4 = 14. Aliyeondoka na kombe alishinda gemu mbili pungufu ya aliyeondoka mikono mitupu.

Medina Garrigues alipata sehemu kubwa ya mataji yake kwenye udongo, na mwaka 2008 na 2009 akabeba wawili wawili za Ufaransa akiwa na Virginia Ruano Pascual. Canberra ni uwanja mgumu. Ukiangalia orodha hiyo ya mataji tu, ungedhani uwanja ulimfaa zaidi Mkorea.

Inawezekanaje kushinda gemu nyingi zaidi na bado ukashindwa mechi?

Kwa sababu seti ni seti. Ukishinda 6–0 umepata seti moja. Ukishinda 7–6 umepata seti moja hiyohiyo. Gemu za ziada hazibebwi kwenda mbele. Ndani ya gemu nako ni vilevile: gemu iliyokwisha kwa pointi nne mfululizo na gemu iliyorudi "sare" mara sita zinahesabiwa sawa.

Hili ndilo linalowafanya wachezaji wazoefu waiachie seti. Ukiwa nyuma 0–4 kwenye seti ya pili na seti ya kwanza iko mfukoni, kukimbilia kila mpira ni kuchoma miguu utakayoihitaji kwenye seti ya tatu. Unapiga kwa ufupi, unajaribu mapigo ya hatari, unaiacha iende. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa Canberra siku ile. 0–6 inaweza pia kutokana na mtu kuzidiwa kweli. Ila mwenye kuona 6–4, 0–6, 6–4 asishangae kana kwamba ni ajali ya hesabu. Umbo hilo la matokeo ni la kawaida kwenye tenisi.

Fainali hizi zilikuwa za mashindano ya ngazi gani?

Wakati huo WTA iligawa mashindano yake kwa ngazi, I hadi V, ya kwanza ikiwa ya juu. Mashindano ya miji hii mitatu yalikuwa kwenye ngazi za chini. Jedwali lao kwa kawaida ni la wachezaji 32, yaani kufika fainali ni kushinda mechi nne kwa siku tano au sita.

Kuna wanaozidharau kwa sababu hiyo. Ni kutojua kalenda. Auckland na Canberra zilichezwa majuma ya mwanzo wa Januari, kabla ya mashindano makubwa ya Australia yanayofanyika Melbourne, wakati wachezaji wametoka mapumzikoni na kila mtu anatafuta mechi za kujiweka sawa. Wengine walikwepa Canberra kwa hofu tu: mashindano yake yalikaa juma la mwisho kabisa kabla ya Melbourne, kwa hiyo ukifika fainali unacheza mwisho wa juma na Jumatatu jedwali kuu linaanza. Mguu uliocheza seti tatu kwenye joto la Januari la huko kusini unatakiwa uwe mpya baada ya siku moja au mbili. Mshindi wa pili ana pointi, fedha na uchovu. Aliyetolewa raundi ya kwanza ana siku nne za mazoezi Melbourne.

Taji la Seoul 2004 lilipatikanaje?

Mwaka 2004 ndio mashindano ya Korea Open ya wanawake yalipoanza, kwenye uwanja wa tenisi wa Hifadhi ya Olimpiki jijini Seoul, uliojengwa kwa michezo ya 1988. Vichwa vya habari vilikuwa vya Maria Sharapova, aliyekuwa ametoka kutwaa Wimbledon Julai ile akiwa na miaka 17. Alishinda upande wa mchezaji mmoja mmoja kwa kumfunga Marta Domachowska wa Poland 6–1, 6–1.

Wawili wawili ikawa ya wenyeji. Cho na Jeon Mi-ra waliwafunga Chuang Chia-jung na Hsieh Su-wei wa Taiwan 6–3, 1–6, 7–5. Jumlisha: gemu 14 kwa 14. Safari hii mzani uliosimama sawa ulimwangukia yeye.

Seti ya tatu nzima, hadi 7–5, ni kitu ambacho huwezi kukiona tena kwenye wawili wawili za kawaida za WTA. Leo wakigawana seti mbili wanacheza taibreki ya kufika 10, na gemu ikifika 40 kwa 40 pointi moja inaamua. Kwa kanuni za sasa mechi ile ingekwisha nusu saa mapema, na huenda kwa mshindi mwingine.

Usiwadharau walioshindwa. Hsieh Su-wei baadaye alikuwa namba 1 wa dunia kwa wawili wawili, na Chuang aliingia kumi bora. Na kuna kipande kitamu hapa: mwaka 2018, miaka 14 baadaye, Hsieh alirudi kwenye fainali hiyohiyo ya Seoul akiwa na mdogo wake Hsieh Shu-ying, na wakafungwa tena na Wakorea wawili, Choi Ji-hee na Han Na-lae, 6–3, 6–2.

Jeon Mi-ra ni yule aliyecheza na Martina Hingis?

Ndiye. Mwaka 1994 alifika fainali ya vijana ya Wimbledon akafungwa na Hingis, Mswisi aliyekuja kuwa namba 1 wa dunia, 7–5, 6–4. Jeon alikuwa na miaka 16 na Hingis 13. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayekumbuka Angella Okutoyi wa Kenya alivyotwaa wawili wawili za vijana za Wimbledon mwaka 2022, ni uwanja huohuo na juma hilohilo la vijana.

Leo Wakorea wengi wanamjua zaidi kama mke wa mwanamuziki Yoon Jong-shin kuliko kama mshika raketi. Mambo ya televisheni.

Timu ya Samsung Securities inayotajwa kwenye habari zake ni kitu gani? Tenisi si mchezo wa mtu mmoja?

Korea ina utaratibu wa makampuni na serikali za miji kumiliki timu za wanamichezo. Mchezaji anaajiriwa, analipwa mshahara, na timu inabeba kocha, mazoezi na safari. Samsung Securities, kampuni ya hisa, ilikuwa na timu ya tenisi ya aina hiyo, na Cho, Jeon Mi-ra, Park Sung-hee na, upande wa wanaume, Lee Hyung-taik wote walipitia humo. Timu ilivunjwa mwaka 2015.

Faida yake ni rahisi kuiona. Mchezaji wa kulipwa asiye na timu hujilipia ndege, hoteli, kocha na nyuzi za raketi, majuma 25 au 30 kwa mwaka, na akitolewa raundi ya kwanza ya mchujo anaambulia fedha isiyofika hata kwenye nauli. Mwenye mshahara anaweza kuvumilia mwaka mbaya.

Hasara haisemwi sana. Timu nyingi za miji na makampuni hupimwa kwa mashindano ya ndani ya Korea. Mchezaji anayeshinda nyumbani na kupokea mshahara wake kila mwezi hana njaa ya kwenda kulala viwanja vya ndege akitafuta pointi kumi huko nje. Kwa maoni yetu hili linaeleza idadi ndogo ya Wakorea kwenye 100 bora kuliko lile la "miili midogo" linalorudiwa kila mara. Timu ya Samsung ilikuwa tofauti kwa sababu iliwatoa wachezaji wake nje makusudi.

Kabla ya Cho kulikuwa na nani?

Wawili wa kuwakumbuka.

Lee Duk-hee, aliyezaliwa 1953, ndiye aliyefungua mlango. Alifika raundi ya nne ya mashindano ya Marekani mwaka 1981, na mwaka 1982 akashinda taji la Fort Myers, Florida. Nafasi yake ya juu ilikuwa 34. Aliyafanya hayo wakati Mkorea kupata ruhusa ya kusafiri nje lilikuwa jambo zito. Raia wa kawaida hawakuachiwa kusafiri kwa hiari hadi mwaka 1989.

Park Sung-hee, aliyezaliwa 1975, alifika 57 mwaka 1995. Ndiye aliyekuwa kigezo cha moja kwa moja cha kizazi cha Cho.

Nimemwona Lee Duk-hee kwenye video akiwa kijana wa kiume. Nimekosea wapi?

Huyo ni Lee Duck-hee mwingine, mwanamume aliyezaliwa 1998, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyekuwa mchezaji kiziwi wa kwanza kushinda mechi ya jedwali kuu la ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume), Winston-Salem 2019. Majina yao kwa Kikorea ni yaleyale. Kwa Kilatini mwanamke huandikwa Duk Hee na mwanamume Duckhee au Duck-hee, ila wahariri hawafuati hilo kila mara. Angalia mwaka.

Kwa nini Wakorea hutaja Januari 2003 kama mwezi wa pekee?

Kwa sababu juma moja baada ya Cho kucheza fainali ya Auckland, Lee Hyung-taik alianzia kwenye mchujo mjini Sydney akaishia kubeba taji, akimfunga Juan Carlos Ferrero wa Hispania 4–6, 7–6, 7–6. Lilikuwa taji la kwanza la ATP kwa Mkorea. Wachezaji wawili, timu moja, majuma mawili, fainali mbili, moja kila upande wa bahari ya Tasman iliyo kati ya Australia na New Zealand, na zote mbili zikaamuliwa kwa taibreki ya seti ya tatu. Mmoja ikamwendea, mwingine ikamkataa.

Matokeo yake ni kwamba habari ya Lee iliimeza ya Cho. Ukisoma kumbukumbu za mwezi ule, Auckland hupewa aya moja.

Baada yake je?

Hakuna mwanamke wa Korea Kusini aliyeingia 50 bora ya mchezaji mmoja mmoja tangu Cho. Upande wa wanaume Chung Hyeon alifika nusu fainali ya Australia 2018 na nafasi ya 19.

Canberra ilikuwa fainali yake ya mwisho?

Ya WTA kwa mchezaji mmoja mmoja, ndiyo.

Nataka kutazama Korea Open kutoka Afrika Mashariki. Saa ngapi?

Huchezwa Septemba, na tangu 2024 ni ya ngazi ya WTA 500. Seoul iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita, na Korea haibadilishi saa zake kwa msimu. Mechi inayoanza saa nane mchana Seoul kwetu ni saa mbili asubuhi. Ratiba ikikuandikia 14:00 toa sita upate 08:00, kisha ugeuze kwa saa za Kiswahili. Ukigeuza kwanza ndipo utoe, rahisi kuchanganya mchana na usiku. Walioko Kinshasa watoe nane, Lubumbashi na Bujumbura saba, Muscat tano.

Kwa Auckland hesabu ni nyingine: Januari New Zealand iko kwenye saa za kiangazi, mbele yetu kwa saa kumi. Mechi ya saa saba mchana ya kule ni saa tisa za usiku hapa, siku hiyohiyo ya kalenda lakini kabla ya alfajiri. Wengi huikosa kwa kuingojea kutwa nzima ya tarehe iliyoandikwa kwenye ratiba, kumbe imeisha kabla hawajaamka.